Daftari la Wapiga Kura Lifungwe Lini?

Hadi mwaka 1971, mkazi wa Texas aliyetaka kupiga kura mwezi Novemba alipaswa awe amejiandikisha kufikia tarehe 31 Januari. Januari wagombea wenyewe walikuwa hawajajulikana, kampeni hazijaanza, na jambo ambalo lingempa mtu hamu ya kwenda kituoni huenda lilikuwa halijatokea. Aliyezinduka Machi alikuwa amechelewa. Na hata aliyewahi hakupumzika, kwa sababu mwaka uliofuata alitakiwa aende kuandikwa tena.

Tarehe hiyo haikuokotwa njiani. Ilirithiwa kutoka kodi ya kura, ambayo Texas iliikusanya kati ya Oktoba na mwisho wa Januari, na asiyekuwa na stakabadhi yake hakupiga kura. Kodi ilipobatilishwa mahakamani mwaka 1966, Texas iliacha pesa ikabaki na kalenda. Ilibidi mahakama ya shirikisho iingilie kati kwa mara nyingine, miaka mitano baadaye, ndipo kalenda nayo ikaanguka.

Historia ya tarehe za mwisho za kujiandikisha nchini Marekani imejaa mambo ya namna hii. Kila tarehe huelezwa kuwa ni haja ya makarani: majina yapangwe, orodha zichapwe, mapingamizi yasikilizwe. Haja hizo ni za kweli, na aliyewahi kusimamia uchaguzi hazidharau. Lakini ukiichimba tarehe yenyewe, mara nyingi unamkuta mtu ambaye mtunga sheria hakupenda kumwona kwenye foleni.

Mwanzoni hapakuwa na daftari. Wapiga kura wa miji midogo ya New England walikuwa wachache na wakijuana kwa sura. Massachusetts ndiyo iliyotangulia kutaka wapiga kura waandikwe, mwaka 1800, na kwa miongo kadhaa majimbo mengi hayakuona sababu ya kuifuata. Sababu ilipatikana miji ilipojaa wageni na vibarua. Pennsylvania ilitunga sheria ya kuandikisha mwaka 1836, ikaielekeza Philadelphia peke yake. Mkulima wa mashambani aliendelea kupiga kura kama baba yake. New York nayo ilifanya hivyo kwa jiji lake miaka michache baadaye. Mwanahistoria Alexander Keyssar, aliyeandika kwa kina juu ya haki ya kura Marekani, anaeleza jinsi New York ilivyopanga siku za kujiandikisha mwaka 1908 zikaangukia Sabato ya Wayahudi na sikukuu yao ya Yom Kippur. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Myahudi asipige kura. Alipangiwa tu siku ambayo dini yake ilimkataza kwenda.

Mwaka 1896, karibu asilimia 80 ya waliokuwa na haki ya kura Marekani waliitumia katika uchaguzi wa rais. Mwaka 1924 walikuwa chini ya nusu. Kuandikishwa hakukuwa sababu pekee. Kusini watu weusi walikuwa wameshafungiwa nje kwa kodi, mitihani ya kusoma na vitisho, na wanawake waliopata haki hiyo nchi nzima mwaka 1920 walichukua muda kuizoea. Hata hivyo daftari lilikuwa na mchango wake, na kwa nusu karne hakuna aliyelishughulikia kwa dhati.

Aliyeligusa alikuwa mwalimu wa sheria. James Blumstein alihamia Nashville, Tennessee, katikati ya mwaka 1970 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Alipokwenda kujiandikisha akaambiwa hajatimiza mwaka mmoja jimboni wala miezi mitatu katika kaunti. Akashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na hukumu ikatoka mwaka 1972, imeandikwa na Jaji Thurgood Marshall. Huyu ni yule yule wakili mweusi ambaye mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kuwasaidia wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akaandika rasimu ya sura ya haki za raia. Kwa Tennessee, Marshall alisema hivi kwa ufupi: ikiwa jimbo linataka kujua mtu anaishi wapi, siku 30 zinalitosha kabisa. Miezi mingine yote ilikuwa ya nini?

Swali hilo likazaa jingine. Ikiwa siku 30 zinatosha, kwa nini 10 zisitoshe? Kwa nini zisiondolewe zote? North Dakota ilikuwa imeshafuta daftari tangu mwaka 1951 na haikuwa imeangamia. Mwaka 1973 Maine na Minnesota zikatunga sheria za kumruhusu raia ajiandikishe siku ile ile ya kupiga kura, na Wisconsin ikafuata muda mfupi baadaye.

Utaratibu wa Minnesota unastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hudhani maana yake ni kila ajaye kupewa karatasi ya kura. Mtu anafika kituo cha mtaa wake akiwa na leseni ya udereva yenye anwani ya sasa. Kama leseni ni ya anwani ya zamani, anaongeza bili ya umeme au ya maji. Asipokuwa na hivyo, jirani aliyeandikishwa katika kituo hicho anaweza kumdhamini, akala kiapo mbele ya karani kwamba huyu namjua, anakaa hapa. Jirani mmoja hadhamini zaidi ya watu wanane, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Baada ya uchaguzi kadi hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyotajwa. Ikirudi bila kumkuta mtu, suala hufuatiliwa. Kumtumia jirani kama ushahidi kutawashangaza wanaoamini kwamba bila alama za vidole hakuna uhakika. Mimi naona ni jambo la busara sana. Mashine inajua kidole ni cha nani, lakini anayejua mtu amehamia mtaani lini ni jirani.

Makamu wa Rais Walter Mondale alikuwa mwana wa Minnesota, na mwezi Machi 1977 Rais Jimmy Carter alipeleka mbele ya Bunge pendekezo la kuueneza mpango huo nchi nzima. Lilikufa. Warepublican wengi walilipinga wakihofia udanganyifu. Baadhi ya Wademokrat nao hawakulitaka, hasa wa Kusini, kwa hofu ambayo mwanasiasa haisemi hadharani: mtu aliyechaguliwa na wapiga kura fulani hana haraka ya kuongezewa wengine asiowajua.

Hofu ya udanganyifu ilipata mfano wake mwaka 1984, katika kaunti ya Wasco, jimbo la Oregon. Wafuasi wa Bhagwan Shree Rajneesh, mwalimu wa kiroho kutoka India, walikuwa wamenunua shamba kubwa huko mwaka 1981 na kujenga mji wao. Wakagombana na majirani na serikali ya kaunti juu ya ujenzi na ardhi. Wakaamua kuichukua kaunti kwa kura. Oregon wakati huo iliruhusu kujiandikisha hadi siku ya uchaguzi, na Wasco ilikuwa na watu wachache. Basi mabasi yakatumwa katika miji ya Marekani kukusanya watu wasio na makazi, maelfu yao, wakaletwa shambani wakalishwa na kulazwa, kwa matarajio kwamba Novemba watapiga kura wanavyoelekezwa. Upande wa pili wa mpango ulikuwa wa kutisha zaidi: Septemba mwaka huo wafuasi walitia vijidudu vya salmonella kwenye kachumbari za migahawa ya mji wa The Dalles, wajaribu kama wakazi wangeweza kulazwa kitandani siku ya kura. Watu 751 waliugua.

Mpango ulishindwa, na namna ulivyoshindwa ndiyo yenye somo. Karani wa kaunti alisimamisha uandikishaji mpya na kutaka kila mwombaji ahojiwe na wanasheria, mmoja mmoja, kama kweli ana nia ya kuishi Wasco. Wengi hawakutokea. Kwa hiyo kilichouzuia ulaghai huo ni maofisa waliouliza maswali, wala si tarehe ya mwisho. Lakini mwaka 1986 wananchi wa Oregon, wakiwa bado na kumbukumbu ya mabasi yale, waliandika ndani ya katiba ya jimbo kwamba mtu lazima awe amejiandikisha siku 20 kabla. Kifungu hicho kingalipo. Kila kijana wa Oregon aliyetimiza miaka 18 na kusahau kujiandikisha anaendelea kulipia kosa la watu walioondoka kabla hajazaliwa.

Mwaka 1993 historia ilifanya mzaha. Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoyalazimu majimbo kuandikisha wapiga kura kwenye ofisi za leseni za udereva na za huduma za jamii, na kuyakataza kufunga daftari zaidi ya siku 30 kabla ya uchaguzi wa shirikisho. Sheria ikayasamehe majimbo yenye uandikishaji wa siku ya kura. Idaho, Wyoming na New Hampshire, ambako hakuna aliyekuwa na mapenzi makubwa na amri za Washington, yakaona heri kufungua vituo siku ya uchaguzi kuliko kuamrishwa yafanye nini kwenye ofisi zake. Hivyo majimbo matatu, mawili kati yake ngome za Warepublican, yakaingia katika mpango wa Mondale kwa mlango wa nyuma.

Na nini kilitokea huko kote? Wananchi walikuja. Mwaka 1998 mcheza mieleka wa zamani, Jesse Ventura, alishinda ugavana wa Minnesota kwa asilimia 37 ya kura, na zaidi ya watu 300,000 walijiandikisha siku hiyo, wengi wao vijana ambao hakuna chama kilichowahesabu. Mwaka 2008 waliojiandikisha siku ya kura Minnesota walizidi 500,000. Si hasara zote ni za kubuni: foleni huwa ndefu, na makarani hufanya kazi hadi usiku. Lakini Minnesota imekaa miongo mitano karibu na kilele cha orodha ya majimbo yanayopiga kura kwa wingi, na mwaka 2020 takriban asilimia 80 ya wenye haki walipiga.

Waliojaribu kuifunga nafasi hiyo walikutana na wananchi. Bunge la Maine liliifuta mwaka 2011. Novemba mwaka ule ule, kwa kura ya maoni, takriban asilimia 60 waliirudisha. Montana wapiga kura walikataa kuifuta mwaka 2014, bunge likaifuta hata hivyo mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaibatilisha sheria hiyo mwaka 2024. California, inayoogopa mtu kuandikwa mara mbili, hutumia bahasha: anayechelewa hupiga kura yake, ikafungwa, na haihesabiwi mpaka karani athibitishe kwamba hajapiga kwingine. Leo majimbo zaidi ya 20 yanaruhusu kujiandikisha siku ya uchaguzi. Huko Portland, Maine, mji wenye Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, anayekula kiapo cha uraia siku chache kabla ya uchaguzi bado anaweza kupiga kura.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi hii husimuliwa kwa lugha ya lawama. Kila daftari linapokaribia kufungwa, foleni hufumuka, na maofisa husikika wakisema wananchi wetu wana tabia ya kusubiri dakika za mwisho. Mwaka 2008 nusu milioni ya Waminnesota walisubiri hadi siku yenyewe. Si tabia ya Mwafrika. Uchaguzi humgusa mtu unapokaribia.

Tena si mwananchi tu anayechelewa. Mwaka 2015 Tanzania ilikuwa ikiboresha Daftari la Kudumu kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole, kazi iliyoanzia Makambako, mkoani Njombe, mwezi Februari. Mashine zilikuwa chache na zikihamishwa mkoa hadi mkoa, hata kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa Aprili 30 ikaahirishwa kwa sababu kazi haijaisha. Dar es Salaam, jiji lenye watu wengi kuliko yote, ilifikiwa Julai, na msongamano ukalazimisha siku ziongezwe hadi Agosti. Nani alichelewa hapo?

Kenya, mara mbili mfululizo, siku za ziada zilipatikana kwa mkono wa mahakama. Februari 2017 uandikishaji wa halaiki uliotakiwa kuisha tarehe 14 ulisogezwa hadi tarehe 19. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ililenga wapiga kura wapya milioni 6 ndani ya mwezi mmoja. Mahakama Kuu ya Eldoret ikaamuru muda uongezwe, na hata hivyo walioandikishwa hawakufika milioni 2. Katiba ya Kenya, Ibara ya 83, inaagiza mipango ya uandikishaji iwezeshe raia kupiga kura, isimnyime. Sheria ya Uchaguzi inafunga daftari siku 60 kabla, maradufu ya zile Jaji Marshall alizosema zinatosha, katika zama za karatasi na taipureta.

Ipo hoja ya kuheshimiwa dhidi ya kuiga Minnesota. Tume ya Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilikuta daftari lina majina ya marehemu yasiyopungua milioni moja, na mahali ambapo daftari limewahi kuwa chanzo cha damu, muda wa kulikagua hadharani ni muhimu. Nakubali. Lakini ukaguzi haudai siku 60 leo, wakati alama za vidole zinalinganishwa na kompyuta. Siku 30 zingetosha, na bahasha ya California ingeweza kujaribiwa katika chaguzi ndogo kabla ya kitu kikubwa.

Mpaka wabunge watakapoligusa hilo, siku 60 ndiyo sheria, na uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027. Ofisi ya IEBC katika eneo bunge lako huandikisha siku za kazi, bila foleni ya dakika za mwisho. Chukua kitambulisho chako uende.