Shingo ya Chupa, au Koo?

Mji wa Kiwanja umepakana na Rutshuru, na jina lake lina ndugu wa damu: kiwanda. Maneno yote mawili yametoka kwenye uwanja na uwanda, mahali peupe pa kufanyia kazi. Ndiyo maana naona eneo la kumenyea kahawa, mashine moja chini ya bati na meza za kuanikia zimetandazwa juani, linastahili kuitwa kiwanda kuliko jengo lenye kuta nne.

Kahawa imetupa vitenzi vitamu: kuchuma, kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika, kukoboa, kuchambua. Hasa kuanika. Kukausha hata moto unaweza; kuanika kunataka jua, mkono wa kugeuza buni, na jicho la kuchungulia wingu juu ya mlima Mikeno kabla ya kukimbilia turubai. Anayeandika "kukausha" mahali pa "kuanika" ametufichia mvua.

"Uzalishaji" sina ugomvi nao. Anayezalisha ni mkunga, na mkunga hazai yeye, kama kiwanda kisivyozaa buni.

"Uwezo" ndio unaotaka uangalizi. Mtambo wa umeme wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, uliozinduliwa 2015, una uwezo wa megawati 13.8. Hapo neno limekaa sawasawa: linapima kinachowezekana. Kilichotoka kweli kina jina lake, zao. Lakini kwenye kazi ya hatua nyingi, uwezo wa hatua moja hauongezwi juu ya mwingine kama fedha mfukoni. Tuseme kuna meza 28, na kila meza hushika kahawa siku 14. Kwa siku huwa wazi meza mbili tu. Mashine inaweza kumenya kahawa ya meza nane kabla ya adhuhuri. Uwezo wa kiwanda kizima bado ni meza mbili.

Sasa, mahali pale panapobana tupaiteje? Wengi wameazima "shingo ya chupa". Sipendi. Shingo ya chupa imefanywa nyembamba kwa makusudi, ili mafuta yamiminike bila kumwagika, na hakuna anayeweza kuipanua. Wengine husema "kizuizi". Kwetu neno hilo lina kamba iliyovutwa barabarani na mtu anayedai kitu. Kizuizi huwekwa, na dawa yake ni kuondolewa. Meza za kuanikia hakuna aliyeziweka kumzuia mtu. Ukiziondoa, kahawa itaoza. "Msongamano" nao ni zile ndoo za buni zilizopanga mstari zikingoja meza: ni dalili, mahali penyewe ni kwingine.

Napendekeza "koo". Kila kinacholiwa hupita humo, na Kiswahili tayari kinasema jambo limekwama kooni, limetukaba koo. Koo haling'olewi; mlaji hukata tonge kulingana nalo. Basi na uchumaji ukatwe kulingana na meza, buni mbichi zisilale zikivunda bila kupangiwa. Tena koo ni kuku anayetaga, jina la mama wa mazao, na nafurahi kuona maana hizo mbili zikikaa kwenye neno moja fupi.

Mtu atasema koo la mwili halihami, na hili la kazi huhama. Ni kweli, nami nakubali neno linyooshwe kidogo. Ongezeni meza hadi 60, halafu msikilizeni msimamizi asubuhi: koo limehamia kwenye tangi la kuoshea.