Ukirudishwa Kagera ya 1978, Utakimbia au Utabaki?

Wadau, chukulia umelala leo Bisibo, unashtuka ni Oktoba 1978. Ukisema unatoka mkoa wa Kagera wanakushangaa, maana bado unaitwa Ziwa Magharibi. Huko kaskazini MiG za Idi Amin zinapiga mabomu Bukoba, vifaru vinavuka mpaka, na Novemba daraja la Kyaka linalipuliwa. Kwa mkulima wa migomba, hayo ni madude ya sayari nyingine!

Halafu JWTZ wakaleta dude lao: mitutu 40, roketi zote ndani ya sekunde kama 20. Waganda wakaliita Saba Saba. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Kwetu ni kama muvi, ila kuna wazee walikimbia kweli. Kama kwenu yupo, muulize leo, kabla hajaondoka na stori yake.