Uloto, Machozi na Mipaka ya Uponyaji: Tafakuri ya Kihistoria kutoka Kanda ya Ziwa

Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa jijini Mwanza mwaka 1971, tiba ya selimundu ililenga maumivu na upungufu wa damu. Chanzo chenyewe hakikuguswa. Mwaka 2021 Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto kwa kutumia seli shina za mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikawapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Tofauti hiyo ni ya msingi. Seli za mtu mwingine, hata ndugu wa tumbo moja, zaweza kuushambulia mwili uliozipokea, pamoja na tezi za kope ambazo Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666. Tezi hizo hutoa mafuta yanayozuia machozi kukauka upesi. Zikiharibika, jicho huwa kavu, huuma, na huweza kupata vidonda, pengine miezi mingi baada ya upandikizaji. Kwa hiyo, historia ya upandikizaji nchini haipaswi kuishia siku damu inapopona. Kwa mtoto anayerejea kwao kando ya Ziwa Victoria, uponyaji hutegemea pia kliniki ya karibu itakayompima macho kabla hajalalamika.