Mamba Muntu: Nguva mweupe wa ng'ambo ya ziwa na presha ya kujichubua

Ngozi nyeupe, nywele ndefu zilizonyooka, saa mkononi, mkia wa samaki. Huyo ndiye mamba muntu, yaani mtu-mamba. Miaka ya 1970 picha zake zilipamba sebule nyingi za Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ukitokea Kigoma na Ujiji.

Anasifika kwa nini?
Inasimuliwa kuwa mwanaume akipata nywele zake au kitu chake, nguva humjia ndotoni akikidai. Mwanaume akimtii na kutunza siri, anatajirika. Hivyo weupe, urembo na pesa vikachorwa pamoja kwenye picha moja.

Sura yake imetoka wapi?
Ni ndugu yake Mami Wata wa Afrika Magharibi. Wataalamu wa sanaa wanasema sura maarufu ya Mami Wata ilitokana na picha ya mwanamke anayecheza na nyoka, iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880, kisha ikachapwa tena Bombay, India, mwaka 1955. Kumbe mrembo huyu wa majini alikuja na karatasi za dukani!

Aliyemgeuza nguva
Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, hukata picha za majarida ya mitindo na za vitabu vya tiba, akaziunga kuwa miili ya ajabu ya wanawake. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London yaliyoitwa "Nguva na Nyoka". Nguva wake hajipambi ili apendwe. Anatisha.

Inatuhusu vipi?
Siku hizi picha ya ukutani imehamia kwenye simu: filta inakung'arisha kwa sekunde moja. Ukichanganya na maneno ya "weupe ndio wanaolewa", dada anaishia kwenye mkorogo.

Si mchezo. Zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka kirahisi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS.

Kabla ya kununua, soma viambato. Krimu isiyo na lebo, iache dukani. Kama umeshatumia na ngozi inawasha au inabadilika, nenda hospitali na kopo lako, daktari aone ulichopaka.