UFIPA: NCHI YA NYASI NA MATUTA



Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa jiografia alituuliza, "Kwa nini Ufipa haina misitu?" Mimi, Mfipa halisi, nikanyoosha mkono na kujibu kuwa wazee wetu waliimaliza miti, tena hawakujua kutunza udongo. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Makala haya ni masahihisho ya jibu lile.

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili: magharibi Tanganyika, mashariki Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, na kila aliyelala bwenini mwezi wa Juni anaikumbuka baridi yake. Kusini, Mto Kalambo huporomoka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za magogo mawili yaliyopatikana karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, ambayo yalichongwa na kuunganishwa kwa mikono yapata miaka 476,000 iliyopita. Basi asiseme mtu kuwa pande hizi hazina historia.

Masimulizi ya wazee yasema kiti cha kwanza cha utawala kilikuwa Milansi. Kisha wakaja wageni, ukoo wa Twa, wakautwaa utawala, na Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya jadi. Baadaye nchi ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Wajerumani walijenga boma huko Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, na mwaka 2012 Mpanda ikatengwa nasi kuwa sehemu ya Mkoa wa Katavi.

Ama kuhusu kazi, Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Tanuri lao kubwa, ilungu, lilijengwa kwa udongo kupita kimo cha mtu, na lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa majembe. Kazi hiyo ilitaka makaa mengi, na ni kweli miti ilikatwa. Hadi hapo jibu langu lilikuwa na chembe ya ukweli. Kosa langu lilikuwa kwenye udongo.

Wabemba wa Zambia walichoma matawi ili wapate majivu ya kurutubisha shamba. Wazee wetu hawakuwa na miti ya kutosha. Walikuwa na nyasi. Mvua zikikaribia kwisha, walizilima nyasi, wakazifunika kwa udongo katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Nyasi zikaoza ndani, na juu yake wakapanda maharage. Msimu uliofuata waliyasambaza matuta, wakapanda ulezi. Bibi yangu alilima hivyo hadi uzeeni, hakununua mfuko hata mmoja wa mbolea, wala hakuwahi kuomba chakula kwa jirani.

Leo hali ni nyingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani Rukwa. Ile ya 2022 ilihesabu 1,540,519. Wafipa tunaishi pamoja na Walungu, Wamambwe, Wawanda, na Wasukuma walioingia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Nafasi ya kupumzisha shamba imepungua. Mahindi yameshika mahali pa ulezi. Mwaka mmoja mbolea ya dukani ilichelewa, na kaka yangu alivuna magunia manne pale alipozoea ishirini.

Sisemi kuwa intumba peke yake itatulisha, kwani nayo yataka nyasi, na nyasi zataka nafasi. Lakini tusiizike kabla ya kuipima. Ndugu wanafunzi, tengeni robo eka katika shamba la shule. Nusu yake ilimeni kwa intumba, nusu kwa mbolea ya dukani. Pimeni mavuno kwa mizani, kisha mtuandikie matokeo katika gazeti hili. Sisi wa zamani tutachanga majembe na mbegu. Wazee wanaoijua kazi hiyo bado wapo vijijini, ila kila mwaka wanapungua. Udongo uwahi ungali maji.