USIMKANDE TUMBO (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Bi Hamisa alikuwa ameshamimina mafuta ya nyonyo kiganjani amkande mjukuu wake "bandama", mara mlango wa wodi ukasukumwa kwa nguvu. SASA ENDELEA…

"Shikamoo bibi, lakini toa mkono hapo!"

"Marahaba. Nimekanda watoto wa mtaa mzima, Dokta, wewe hujazaliwa."

"Najua, bibi yangu. Hii si bandama. Ni uvimbe wa Wilms, umeota kwenye figo, na ganda lake ni jembamba. Ukipasuka, seli zinamwagika tumboni na matibabu yanakuwa mazito."

Bi Hamisa akajifuta mafuta kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Sefu, miaka mitatu, alikuwa akichezea kifuniko cha soda. Hana homa, halii. Ugonjwa huu hudanganya hivyo. Mama yake aliugusa tu akimwogesha.

"Tulimlisha nini, Dokta?" Mama Sefu aliuliza.

"Hakuna mlichomlisha. Figo la mtoto hujengwa kwa amri za jeni tangu akiwa tumboni. Mojawapo ni WT1, iliyotambuliwa mwaka 1990 kwenye kromosomu ya 11. Hiyo ni kama msimamizi wa ujenzi: huwasha jeni hizi, huzima zile, mpaka seli changa zikomae. Kwa baadhi ya watoto imeharibika. Seli hazikomai, zinaongezeka tu."

"Na zinakula nini?" Bi Hamisa akadakia. Wodi nzima haikuwa imeuliza swali la maana kuliko hilo.

"Damu, bibi. Uvimbe usio na mishipa yake hauvuki milimita chache. Kwa hiyo hutoa protini, VEGF, inayofanya mishipa ya jirani ichipue matawi kuufuata. WT1 ina mkono hata hapo, kwenye kuamua VEGF itoke kiasi gani."

"Atapona?"

"Kwenye nchi zenye uwezo, karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Tutaanza na vinkristini na aktinomaisini kwa wiki 4, uvimbe unywee, ndipo tupasue. Kwanza altrasaundi."

Mtaalamu alimpaka Sefu jeli, akapitisha kifaa juu ya figo, kisha akapanda taratibu. Akawasha rangi za kuonyesha damu inavyopita. Kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, nyekundu na buluu zilikatika ghafla. Palikuwa na kitu kimejaa.

"Dokta, njoo. Umeingia kwenye mshipa. Unapanda."

"Umeishia wapi?"

Mtaalamu hakujibu. Alisogeza kifaa hadi chini ya mbavu.

"Kama umefika moyoni," Dokta alisema kwa sauti ya chini, "upasuaji wake hapa kwetu hatuuwezi."

Bi Hamisa alisikia kila neno. Akainuka, akamnyanyua Sefu kitandani na kuelekea mlangoni.

"Bibi, unampeleka wapi?"

Je, Bi Hamisa anakwenda wapi na mjukuu? Na uvimbe umefika moyoni? USIKOSE JUMAMOSI IJAYO.