Nkomanile wa Kitanda: Safari Yetu ya Namtumbo



Watu husafiri hadi Beijing kuona Hekalu la Mbinguni, lililojengwa mwaka 1420, ambako wafalme wa China waliomba mavuno mema huku raia wakizuiwa kuingia. Sisi wanawake wa kisiwani tumetafuta habari za utawala na imani za kale hapa hapa nchini. Tumevuka bahari, tukapanda basi hadi Songea, kisha tukaenda mashariki takriban kilomita 70 hadi Namtumbo.

Huku hakuna kasri. Kuna Kitanda, alikotawala mwanamke wa Kingoni aitwaye Nkomanile. Alikuwa nduna, yaani kiongozi aliye chini ya nkosi, mfalme wa Wangoni.

Mwaka 1905 watu wa kusini walichoshwa na Wajerumani, waliowatoza kodi na kuwalazimisha kulima pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akaeneza dawa ya maji, akisema itageuza risasi kuwa maji. Mjumbe aitwaye Omari Kinjala ndiye aliyeileta Ungoni, na Nkomanile akampokea Kitanda.

Risasi hazikugeuka. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60. Nkomanile alikuwa mwanamke pekee kati yao. Kaburi lao la pamoja liko kwenye Makumbusho ya Majimaji. Tulisimama pale kimya, kila mmoja na yake moyoni.

Kunyonga hakukutosha. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia. Wanahistoria hukadiria kuwa vita na njaa viliua watu kati ya 75,000 na 300,000. Fikiria mama asiye na punje ya mtama, na watoto wanamtazama.

Njiani kurudi tulibishana. Mmoja wetu alisema Nkomanile aliwaponza watu wake. Mwingine akajibu: aliyewaponza ni aliyewanyang'anya jasho lao. Tulikubaliana hivi: dawa ilikuwa ya uongo, lakini dhuluma ilikuwa ya kweli, na kuikataa dhuluma si kosa. Tena yeye hakuwatuma wenzake kufa huku akijificha. Alilipa kwa shingo yake.

Bibi harusi wetu, hili linakuhusu. Hata leo utaletewa kichupa cha maji, uambiwe ukimnywesha mume hatatoka nje wala hatakuinulia mkono. Dada, usinunue. Mtegemee Mola wako, chagua mtu mwenye tabia njema, na ukidhulumiwa sema mapema, kwa wazazi au kwa kadhi. Ushujaa wa Nkomanile uchukue. Maji yake yaache Kitanda.